Kipupwe Tulichomaliza Vilele, Mimi na Athumani

Vijana, mnaposema mmepanda mlima kwa sababu mmepiga picha kileleni mkaiweka kwenye simu, mimi hunyamaza tu. Sina ugomvi na picha. Nimechoka, na mtu aliyechoka huchagua ugomvi wake. Lakini nimesikia kwamba mwaka huu watachukuliwa walinzi wapya wa msitu, na baadhi yenu mmeomba. Mmoja wenu alikuja hapa kwangu Bangwe kuniuliza kama kazi yenyewe ni ngumu. Nikamwambia kaa. Akakaa, akasikiliza kidogo, simu ikalia, akaniaga. Shikamoo ya kuja nilipata, ya kuondoka aliitupia mlangoni. Basi nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, atakayesoma asome.

Jina langu Yeremia. Nimekuwa mlinzi wa msitu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, kwenye ile safu ya milima inayolitazama ziwa ukitoka Kigoma kwenda upande wa Ilagala. Watu wakisikia mlinzi wa msitu wanafikiri kazi ni kuwakimbiza wachoma mkaa. Hiyo ipo, na nimekimbizana nao, na mara nyingi wao ndio walionishinda mbio. Lakini kazi kubwa ilikuwa ya kipupwe, na ilikuwa kuchoma msitu. Msishangae, ndivyo ilivyo. Tulikuwa tunauchoma ili usiungue.

Mvua zikikatika, nyasi za mlimani zinabaki zimesimama kimo cha mtu. Ukiziacha hivyo mpaka mwezi wa tisa zinakuwa baruti. Mwinda panya mmoja akiwasha kijinga chake, au mvuta sigara akitupa kipande, moto unapanda mlima mzima na kula mpaka miti mikubwa ya kwenye chemchemi, na chemchemi ikibaki bila miti mnajua wenyewe ndoo zinakwenda wapi. Kwa hiyo sisi tunazichoma mapema, nyasi zikiwa nusu mbichi, kwa moto mdogo unaotambaa na kufa wenyewe umande ukishuka. Na moto huo unaanzia kileleni. Hapo ndipo wengi hukosea. Moto ukiuwasha chini unapanda mbio, hakuna mtu wa kuushika. Ukiuwasha juu unashuka kwa shida, unanung'unika, unasimama kwenye kila jiwe. Ndiyo maana tulilazimika kupanda kila kilele kwa miguu, na kupanda wakati wa baridi, maana joto likirudi nafasi imeshapita.

Kwenye safu yetu kulikuwa na vilele tisa. Vyote vilitakiwa viishe kabla upepo wa kusini haujapata nguvu, na kuvipanda ilikuwa kazi ya watu wawili: mimi na Athumani. Hakuna aliyetuwekea kikombe wala medali, ila kati yetu wawili lilikuwa shindano, na kwa miaka mingi lilitushinda. Kila mwaka tulifika cha nane. Mwaka huu malaria, mwaka ule msiba, mwingine upepo uliwahi. Kilichobaki kila mara kilikuwa kile cha mwisho, Nyambeho. Jina hilo kwa lugha yetu limetokana na baridi, na aliyelitoa hakutania.

Kwa nini wawili? Kwa sababu anayewasha moto hatazami nyuma. Anatazama nyasi za mbele yake, anatazama mahali pa kuweka mguu. Nyuma yake lazima awepo mwenzake mwenye fyekeo na tawi bichi, wa kuzima cheche zinazorukia upande usiotakiwa, na wa kumwambia sasa simama, upepo umegeuka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata Mzee Bukuru, ambaye alikuwa anaweza kunusa mvua ya kesho, hakuwahi kupanda peke yake.

Mzee Bukuru ndiye aliyetufundisha. Muha wa huko juu kabisa, mfupi, mwenye kikohozi cha tumbaku na dharau kwa kila aliyevaa soksi. Alitufundisha kushika konzi ya nyasi na kuikamua karibu na sikio. Zikivunjika kwa kelele umechelewa, nenda nyumbani. Zikijikunja bila kusema kitu, umewahi mno, nenda nyumbani vilevile. Unazozitaka ni zile zinazolalamika kidogo tu. Mimi ilinichukua muda mrefu kulisikia hilo lalamiko, na siku niliyomwambia nimelisikia alinijibu, "Sasa sikiliza na wewe usiongee sana."

Athumani alikuja baadaye. Mtoto wa Ujiji, Mmanyema, mrefu, msemaji, aliyezoea mitaa na kahawa ya kibarazani. Siku ya kwanza alifika chini ya mlima amevaa kandambili, na mkononi ana chupa ya mawese aliyopewa na bibi yake ajipake kifuani, kwa kuwa huko juu kuna baridi. Mzee Bukuru alicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi tulipoamka mlimani mawese yalikuwa yameganda ndani ya chupa, magumu, hayatikisiki. Mzee akaacha kucheka. Akaichukua chupa, akaigeuza juu chini, akaitazama kwa muda. Tangu siku hiyo ile chupa ikawa chombo cha kazi.

Tulikuwa tunaiacha nje tukilala. Asubuhi ukikuta mawese yameganda, maana yake usiku ulikuwa wa baridi ya kweli, umande upo mwingi, moto utakaowasha mchana utakufa wenyewe jioni. Basi unasubiri jua liyalainishe, unakunywa chai, ndipo unaanza kazi. Lakini ukiamka ukakuta yanatiririka, usiwashe hata kiberiti cha kuvutia sigara. Upepo wa joto umepita usiku, nyasi zimekauka bila wewe kujua. Tulikuwa tunafunga mizigo na kushuka. Yupo mlinzi wa upande mwingine aliyeicheka chupa yetu, akawasha siku ambayo sisi tulishuka, na alifukuzana na moto wake mwenyewe siku nzima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye aliungua suruali.

Mimi na Athumani tulitaniana kila siku ya Mungu. Alinisema kwa salamu zetu. Mnatujua Waha, tukikutana njiani hatupitani hivihivi: unasimama, unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, mwakeye, mwakeye neza, watoto, ng'ombe, shamba, mpaka kila kitu kimeulizwa. Sasa fanya hivyo mlimani, jasho limekulowesha na upepo unavuma. Athumani alikuwa anarukaruka pembeni kwa baridi, anapiga kelele, "Muha, nyinyi mtakufa kwa salamu! Msalimie huku unatembea!" Alikuwa na haki. Jasho likipoa mgongoni mlimani linakuingia kwenye mifupa. Nikajifunza kusalimia huku natembea, na wazee wa vijijini wakaniona nimeharibikiwa.

Na mimi nilimsema kwa woga. Mtu mrefu vile aliogopa bonde. Palipokuwa na ukingo alitembea ameshika nyasi kwa mikono yote miwili na kumwomba Mungu kwa sauti. Nilimuuliza, nyasi hizo unazozishika ndizo tutakazozichoma, sasa mwakani utashika nini? Akasema mwakani atakuwa ameacha kazi. Alisema hivyo kila mwaka.

Zamani, kabla ya kuwasha kilele, tulikuwa tunashuka kwanza vijijini kuwaambia wafuga nyuki. Mizinga yao inaning'inia kwenye miti ya chini, kwa hiyo walihitaji kufyeka nyasi kuzunguka miti yao na kuchoma ukanda wao wa chini. Ilikuwa safari ya kutwa kwenda na kurudi, kwa kila kilele. Wakati huo tulikuwa walinzi wengi, tunagawana safari hizo. Kisha wengine wakastaafu, wengine wakahamishwa, na nafasi zao hazikujazwa. Akaja Bwana Misitu mpya, kijana mwenye adabu, akatukuta tumebaki wawili kwa vilele vyote tisa na safari zake. Alituonea huruma. Simu huko nyuma ya milima hazishiki. Akakaa na sisi na wafuga nyuki, tukakubaliana wote: tukishamaliza kuchoma juu, tuwashe majani mabichi kileleni yatoe moshi mweupe. Wa chini wakiuona watajua juu kumeshakuwa jivu, nao watawasha ukanda wao. Moto wao ukipanda utakutana na jivu na kufa. Mpango ulikuwa mzuri na ulitupunguzia safari nyingi. Nausema vizuri kwa makusudi, maana kuna watu baadaye walitaka kumlaumu yule kijana, na mimi nilikataa.

Sasa nije kwenye kipupwe chenyewe.

Athumani alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Kifua chake kilikuwa kimeshaharibika. Moshi wa miaka yote ile haupiti bure, vijana, hata mimi nikipanda ngazi za benki napumzika katikati. Lakini cha Athumani kilikuwa kibaya, kilipiga filimbi ukiwa umekaa naye. Daktari alimwambia aukimbie moshi. Akaja kwangu asubuhi moja, amekuja kwa bodaboda kwa sababu hakuweza kutembea kutoka kituoni, akakaa pale pale kwenye kigoda anachokipenda.

"Yeremia, hatujawahi kumaliza vyote tisa."

"Najua."

"Mwaka huu tumalize."

"Na daktari?"

"Daktari yeye amemaliza masomo yake. Mimi kazi yangu bado."

Mke wangu alikuwa anachambua dagaa mlangoni. Akasema bila kuinua kichwa, "Shemeji, wewe huna kifua. Huyu atakurudisha kwa machela." Athumani akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa muda mrefu, na sote watatu tukawa tunakisubiri kiishe. Nilikuwa na neno moja tu la kusema kwa Bwana Misitu na Athumani angebaki mjini. Sikulisema. Niliogopa sana, lakini niliona kumnyima kilele cha tisa ni kumzika akiwa hai.

Tukaanza. Tulikwenda polepole kuliko miaka yote. Nilibeba mzigo wangu na nusu ya wake, yeye akijifanya haoni. Kwa kawaida yeye ndiye alikuwa wa nyuma na mimi wa kuwasha, kwa kuwa mimi nasikia nyasi vizuri zaidi. Kipupwe hicho nilimpa kuwasha. Anayewasha hutembea na hewa safi mbele yake, moshi wote ni wa yule wa nyuma. Siku ya kwanza nilipompa mwenge wa nyasi aliutazama, akanitazama mimi, halafu akauchukua.

Kilele kwa kilele. Sitawahadithia kila kimoja, vinafanana kwa uchovu. Ugali wa muhogo uliopoa, mgebuka mkavu wa ziwani, miguu iliyopasuka tunaipaka mawese ya ile chupa ya kazi. Usiku nililala nikimsikiliza anavyopumua, na kikohozi kikinyamaza ndipo nilishtuka zaidi. Mara nyingi nilitamani mawese yaamke yanatiririka ili tupate sababu ya kushuka. Yaliamka yameganda kila asubuhi. Hatukuwahi kupata kipupwe kizuri vile. Tulimaliza cha nane mapema kuliko tulivyowahi kufika cha nane, na ziwa siku hiyo lilikuwa wazi mpaka milima ya Kongo ilionekana. Athumani alisimama mbali na ukingo, ameshika jiwe kwa kuwa nyasi tumeshazichoma, akasema, "Bado kimoja, Muha."

Nyambeho tulikipanda kwa kutwa nzima. Kijana angekipanda kabla ya saa ya chakula. Athumani alikuwa anatembea hatua chache anasimama, ameinama mikono magotini, nami nasimama naye najifanya kufunga kamba za viatu. Nilizifunga kamba zile mpaka yeye mwenyewe akaniambia, "Zitakatika hizo." Tulilala chini ya jiwe kubwa la juu. Asubuhi palikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio, chupa imeganda kabisa, na Athumani anatetemeka, midomo imekuwa ya kijivu. Nilimfunika mashuka yote mawili. Tukasubiri jua.

Jua lilipopanda na ukungu ukaondoka nikamwacha pale kwenye jiwe, nikaenda upande wa pili wa mgongo wa mlima kusikiliza nyasi. Zilikuwa zenyewe kabisa, zinalalamika kidogo tu. Nilikuwa nimefurahi, nawaambia ukweli. Nilikuwa najisemea moyoni kwamba jioni tutakuwa tumemaliza, nitamshusha taratibu, basi.

Nilipogeuka nikaona moshi mweupe, mnene, umesimama wima juu ya kilele.

Mwenzangu aliona nimekwenda kwenye baridi bila kunywa kitu. Akaamka, akakusanya vijiti akipumua kwa tabu, akawasha moto ili nikirudi nikute kahawa. Mtu wa Ujiji hawezi kumwona mwenzake anafanya kazi bila kahawa. Kuni zetu kavu za chai zilikuwa zimeisha, na vijiti vile vilikuwa vimelowa umande, vikafuka. Siku haikuwa na upepo. Moshi ule ulionekana, nadhani, mpaka Kibirizi.

Na chini walikuwepo watu waaminifu. Ndikumana, mfuga nyuki ambaye wazazi wake walitoka Burundi, mtu wa ahadi, alikuwa amekaa tangu asubuhi na wenzake wanaangalia juu. Nyasi zao wameshafyeka. Wakaona ishara. Wakasema, wazee leo wamewahi, hongera zao. Wakawasha ukanda wao wote kwa pamoja.

Nilikimbia. Nilikuwa na miaka yangu, lakini nilikimbia. Nilipofika Athumani ameshika kikombe cha kahawa, anatazama bondeni. Chini moto ulikuwa umeshaanza kupanda, na sauti yake ilitufikia kabla ya moshi. Mlima wote ulikuwa na nyasi ambazo hazijachomwa mpaka miguuni petu.

"Muha," akasema, "mimi ndiye niliyewaita."

"Najua. Simama."

Nyuma yetu kulikuwa na miamba ya kushuka. Mimi ningeshuka. Yeye asingeshuka, na alijua, na kabla sijasema lolote akasema, "Nenda wewe." Nikamtukana. Tusi lenyewe siliandiki, mke wangu husoma ninachoandika. Nikamwambia tunachoma juu sasa hivi, kama kazi, kama vilele vyote nane. Jivu halichomeki mara mbili. Tukiwahi kupata jivu la kutosha tutasimama ndani yake, tukichelewa ndiyo basi.

Akaukamata mwenge. Sijawahi kumwona akiwasha vizuri vile. Alikwenda kwenye mgongo wa mlima, ukingoni kabisa, pale alipokuwa anaogopa maisha yake yote, bila kushika nyasi yoyote, anagusa hapa, anagusa pale. Mimi nyuma yake na tawi bichi nikizuia moto usirudi upande wa chemchemi. Moto wetu ukaanza kushuka, polepole, jinsi moto wa juu unavyoshuka, na ule wa chini ukawa unapanda kwa kasi. Nilikuwa naupigia kelele moto wetu ufanye haraka, maneno ya kipumbavu kabisa. Moshi wa pande zote mbili ukatukuta pale juu, nikaacha kumwona. Nikaita. Hakujibu. Nilimkuta kwa kumkanyaga mkono.

Nilimburuta hadi mahali palipokwisha ungua, ardhi bado ya moto inachoma kupitia suruali, nikamlaza kifudifudi, uso kwenye udongo, kwa sababu hewa ya mwisho siku zote ipo chini. Maji yalikuwa mbali. Kahawa ilikuwa karibu. Nililowesha shuka kwa kahawa nikafunika vichwa vyetu sote wawili, na tukalala hivyo. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa mgongo, mkono wangu upo juu yake. Kuna wakati mgongo ulikaa bila kuinuka. Nilimpiga, nikampiga tena kwa hasira, ukainuka.

Moto wa chini ulifika, ukakutana na wa kwetu mahali ambapo ukirusha jiwe linafika. Ulinguruma, ukasimama, kisha yote miwili ikaisha, kama watu wawili waliokuwa wanagombana wakakosa la kuongeza. Miti ya chemchemi ilibaki kijani.

Ndikumana na wenzake ndio waliotufikia, wana madumu ya maji migongoni, nyuso zimewapauka. Walikuwa wameona moto wa juu unawashwa baada ya wao, wakaelewa. Alikuwa analia huku anapanda, anaita kwa Kirundi, "Yemwe! Muri bazima?" Yaani, jamani, mko hai? Athumani akainua kichwa kutoka kwenye jivu, uso mweusi, kahawa inamchuruzika masikioni.

"Nyama imeiva," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Mmekuja na chumvi?"

Ndikumana akakaa chini akacheka na kulia kwa pamoja, na sijui mimi nilifanya nini.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Tulikata miti, tukafunga yale mashuka, tukamshusha kwa machela kama mke wangu alivyosema, na mwanamke huyo hajaacha kunikumbusha. Njiani Athumani alinishika mkono wa shati. Nikainama nimsikie.

"Kileleni," akasema, "tuliwasha sisi, au ni wao?"

"Ni sisi. Ulianza wewe."

"Basi kimechomwa kutoka juu."

"Kutoka juu."

"Tisa, Muha."

"Tisa."

Akafumba macho. Nilidhani amekufa, nikawaambia wabeba machela wasimame. Alikuwa amelala usingizi.

Ningependa niwaambie kwamba alipona. Hakupona. Hakufa pia. Yupo kwao Ujiji, anaishi na binti yake, analala ameegemea mito kwa sababu akilala chali pumzi inakataa. Msikitini haendi, anasali amekaa. Mimi huenda kumtembelea nikiweza, napanda gari hadi sokoni halafu natembea, na siku hizi mwendo huo mfupi unanichosha kuliko ulivyonichosha mlima. Nampelekea mgebuka. Ananiambia samaki wa siku hizi wamekuwa wadogo, nami namwambia ni yeye aliyekuwa mlafi. Tunakaa. Hatuna maneno mengi yaliyobaki, tuliyasema yote mlimani.

Mwaka jana kipupwe kilipokaribia kuisha nilikuwa nimekaa naye ndani, mlango uko wazi. Juu ya milima upande wa Ilagala kulikuwa na moshi. Haukuwa mweupe, na haukutambaa. Ulikuwa mweusi na ulipanda haraka. Mimi nilishajua habari yake. Walinzi hawakutosha, alitumwa kijana mmoja, peke yake, kwa pikipiki, na pikipiki haifiki kileleni. Akawasha kutoka barabarani, akarudi. Simlaumu sana. Mtu mmoja hawezi kuwasha na kutazama nyuma, kwa hiyo alifanya kile ambacho mtu mmoja anaweza. Chemchemi mbili zimebaki na visiki.

Athumani alitazama ule moshi muda mrefu. Macho yake bado mazuri, ni kifua tu.

"Yeremia," akasema, "mwaka huu nani na nani walipanda?"

Niliinuka nikavuta pazia la mlango, nikasema jua limemfikia usoni. Halikuwa limemfikia.

"Basi alikuwa mmoja," akasema. Akageuza uso ukutani.

Vijana wangu, mimi siwezi kupanda tena, na Athumani hawezi. Nyasi mwaka huu zimeota ndefu, mvua zilikuwa nyingi. Zikianza kukauka nitakwenda Ujiji, na swali lake ni lilelile, na mimi pazia nimeshalivuta mara moja. Mlioomba kazi, kaeni, mzungumze, mchaguane. Kisha njooni hapa Bangwe mniambie nani na nani.